Saa Zinazofuata Mashine: Hotuba juu ya Uchovu wa Wagonjwa wa Dializi

Hotuba hii ilitolewa Bukavu, katika ukumbi wa parokia, wakati wa maadhimisho ya Siku ya Figo Duniani, mbele ya wagonjwa, familia zao, wauguzi na viongozi wa makanisa.

Waheshimiwa viongozi wa dini, wakubwa wa afya, mama na baba, na ninyi ndugu zangu wagonjwa mliopanda hadi kwenye ukumbi huu kwa nguvu ambazo wengi wetu hatujui thamani yake, nawasalimu kwa heshima.

Tangu mwaka 2006, Alhamisi ya pili ya mwezi wa tatu huadhimishwa kama Siku ya Figo Duniani, na desturi ya siku hii ni kuzungumza juu ya namna ya kuzilinda figo kabla hazijaharibika: kupima shinikizo la damu, kupima sukari, kuacha kumeza vidonge vya maumivu ovyo. Hayo ni ya lazima, na wenzangu watayasema vizuri. Mimi ni muuguzi wa dializi, yaani tiba ya kusafisha damu kwa mashine, nami nimeomba nafasi ya kuwazungumzia watu ambao figo zao zimekwisha kushindwa na ambao wanaishi kwa mashine. Katika maisha yao nimechagua jambo moja tu, uchovu, kwa sababu wengi wao hulitaja mara nyingi kuliko hata maumivu, na sisi tunaowazunguka tunalipa nafasi ndogo kuliko mengine yote.

Mgonjwa akisema kifua kinamuuma, nyumba nzima inasimama. Akisema amechoka, tunamjibu kwamba sisi sote tumechoka. Mwenye meza sokoni amechoka, mwalimu anayesubiri mshahara amechoka, mama aliyepanda kilima na bidoni la maji mgongoni amechoka; na hivyo kilio cha mgonjwa kinapotea katikati ya uchovu wa watu wenye afya, ambao usingizi wa usiku mmoja huuondoa. Wa kwake hauondoki kwa usingizi. Miezi ikipita, nyumba huanza kutafuta maelezo mengine. Wapo wanaosema kwamba amekuwa mvivu kwa kuzoea kuhudumiwa. Wapo wanaonong'ona habari za uchawi na kumtazama shangazi fulani kwa jicho baya. Na wapo, jambo linaloniumiza zaidi, wanaomwambia kwamba kama angekuwa na imani ya kutosha angekuwa amekwisha kuinuka. Nawaomba tuyaweke hayo kando. Uchovu huu una sababu zinazojulikana ndani ya mwili, sababu hizo zinaweza kuulizwa na kupimwa, na nyingi kati yake zinaweza kupunguzwa hata hapa kwetu, ilimradi mtu aanze kwa kuuliza.

Figo zenye afya hufanya kazi usiku na mchana, saa 168 kwa juma. Mashine, kwa mgonjwa anayepata matibabu kamili ya saa 4 mara 3 kwa juma, hufanya kazi saa 12. Katika kila zamu damu hutoka mkononi, au kwenye katheta, yaani mrija, ya shingoni, kwa mwendo wa takriban mililita 300 kwa dakika, ikapita katika chujio lenye maelfu ya nyuzi nyembamba zenye uwazi ndani, kisha ikarudi mwilini. Nje ya nyuzi hizo hupita maji yaliyosafishwa na kuchanganywa na madini, kwa kawaida mililita 500 kila dakika, yaani lita 120 kwa zamu moja. Ndani ya saa hizo 4 mwili unalazimika kuachilia maji, chumvi na taka ambazo figo zingezitoa taratibu kwa siku 2 au 3. Huo ni mwendo mkali. Dializi imeokoa watu tangu mwaka 1945, pale Willem Kolff, daktari wa Uholanzi, alipomrudisha mwanamke mmoja aliyekwisha kupoteza fahamu. Na mwaka 1960 Belding Scribner wa Seattle alipata njia ya kuacha mrija mkononi mwa mgonjwa ili aweze kurudi kwenye mashine juma baada ya juma, na mgonjwa wake wa kwanza akaishi miaka 11 zaidi. Hakuna anayebisha kwamba tiba hii inaokoa uhai. Lakini tiba ileile inaweza kumlaza mtu kitandani siku nzima, na anayelala hivyo hana sababu ya kuona haya.

Wagonjwa wenyewe hutofautisha aina mbili za uchovu. Upo ule unaokaa siku zote, ulio katika misuli na katika fikra pia, unaomfanya mtu asome ukurasa mmoja mara tatu, au aanze kuchambua maharagi na kuyaacha katikati. Na upo ule unaokuja na mashine, unaoanza mara sindano zinapotolewa, wakati mwingine hata kabla, na ambao unaweza kwisha baada ya saa chache au kuendelea hadi siku ya pili. Ninataka kukaa zaidi kwenye huo wa pili, kwa maana ndio unaotufundisha mengi kwa haraka.

Kuna fundi wa nguo mmoja wa Kadutu, hapa mjini kwetu, ambaye ameniruhusu nieleze habari yake bila jina. Zamu ikiisha, yeye hubana pamba kwa vidole viwili mahali palipokuwa na sindano hadi damu ikatike, hupanda kwenye mizani, kisha huvaa koti lake kwa awamu: mkono mmoja, anapumzika, mkono wa pili, anapumzika. Pikipiki humfikisha mahali njia ya gari inapokomea. Kutoka hapo ni ngazi za udongo na mawe, na watoto wa mtaa wanalijua jiwe analokalia baba huyo kabla ya kumalizia kupanda. Kesho yake asubuhi hukaa mbele ya cherehani, huweka mguu kwenye kanyagio, na mguu haushuki. "Baba, watu wa arusi wanadai nguo zao," mkewe alikuwa akimwambia, na yeye hujibu, "Mama, niache kwanza, nitafanya kesho." Mke alidhani mumewe amekasirika au amekata tamaa ya kazi. Nasi hospitalini, kila alipoulizwa yuko aje, alijibu jibu la adabu ambalo wagonjwa wetu wote hulijibu: "Niko muzuri."

Swali lililofungua mlango lilikuwa jingine. Aliulizwa: "Baba, ukitoka hapa kwenye mashine, inakuchukua saa ngapi hadi ujisikie tena kuwa wewe mwenyewe?" Akafikiri, akahesabu kwa vidole, akasema: hadi kesho yake saa kumi za jioni. Yaani siku nzima. Kwa mtu anayekuja mara 3 kwa juma, hiyo ni karibu nusu ya maisha yake. Na mara swali hilo lilipojibiwa, mengine yalifuata yenyewe. Alikuwa akija na zaidi ya kilo 4 za maji, na alikuwa akiomba kufunguliwa nusu saa kabla ya wakati ili apate pikipiki kabla ya giza. Chakula chake kikuu cha jioni kilikuwa makayabo, samaki wa chumvi.

Niruhusuni nieleze kwa nini mambo hayo matatu yanakutana mguuni pale kwenye kanyagio. Maji yanayozidi mwilini hayakai yote ndani ya mishipa ya damu. Sehemu kubwa hukaa katika nyama, miguuni, tumboni, hata mapafuni. Mashine huyavuta kutoka kwenye damu tu, kisha damu inasubiri yale ya nyamani yaingie polepole kujaza nafasi. Ikiwa mashine inavuta haraka kuliko mwili unavyojaza, inakuwa kama chemchemi ya mtaani siku ya foleni, ambapo ndoo zimekuwa nyingi kuliko maji yanayotoka. Shinikizo la damu linashuka, mgonjwa anapiga miayo, anatokwa jasho baridi, misuli ya miguu inakaza. Uchunguzi wa moyo kwa mawimbi ya sauti uliofanywa wakati wa dializi umeonyesha kwamba maji yakivutwa kwa kasi, sehemu za ukuta wa moyo hulegea kwa muda na kusukuma kwa udhaifu. Mtu ambaye moyo wake umepitia hayo hawezi kupanda ngazi za Kadutu kama kwamba hakuna kitu kilichotokea.

Ndiyo maana wataalamu wengi hushauri kwamba maji yasivutwe kwa zaidi ya mililita 13 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa saa. Tupige hesabu pamoja, kwa sababu hesabu hii ni ya familia pia. Mtu wa kilo 60 anaweza kuvutwa mililita 780 kwa saa. Kwa saa 4 ni kama lita 3 na kidogo. Akija na lita 4, ama mashine itavuka kiwango hicho, ama atabaki na maji, ama atakaa muda mrefu zaidi. Na akifunguliwa baada ya saa 3, nafasi yake inashuka hadi lita 2 na theluthi. Nusu saa iliyokatwa kwa ajili ya pikipiki inalipwa kwa uchovu wa siku inayofuata, na malipo ni makubwa kuliko nauli.

Sasa, watu wengi wakisikia habari za maji, huenda nyumbani na kumfungia mgonjwa kikombe. Nawaomba msianzie hapo. Kiu inatumwa na chumvi. Takriban gramu 8 za chumvi zikikaa mwilini zinashikilia lita 1 ya maji, na mtu aliyekula chumvi atakunywa, hata akikatazwa na askofu, kwa sababu mwili wake unamlazimisha. Kumnyima maji mtu uliyemlisha makayabo ni kumtesa bure. Mgonjwa wa dializi anashauriwa asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na hizo ni pungufu ya kijiko kidogo kilichojaa, pamoja na ile iliyojificha katika vipande vya kuungia mchuzi, katika nyama ya kopo, katika samaki wa chumvi na hata katika mkate. Mama anayepika anaweza kutoa chakula cha mgonjwa chunguni kabla hajaweka chumvi ya wengine, akatia kitunguu, kitunguu saumu, ndimu, tangawizi, pilipili. Samaki mbichi wa ziwani huhitaji chumvi kidogo sana. Na tuiangalie Jumapili: wale wanaokuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa wana pengo la siku 2 bila mashine mwishoni mwa juma, na utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba vifo na kulazwa kwa matatizo ya moyo vilikuwa vingi zaidi siku inayofuata pengo hilo. Karamu ya baada ya misa au ibada iko ndani ya pengo hilohilo. Sisemi mgonjwa asiitwe mezani. Nasema sahani yake ipikwe kwa kufikiriwa.

Fundi wetu alibadilisha samaki, akakubali kukaa saa zote 4, na ndugu zake wakapanga kijana wa kumsindikiza jioni. Baada ya majuma kadhaa jibu lake kwa swali lile lilikuwa: usiku uleule, baada ya kula. Bado huchoka. Lakini asubuhi mguu wake unashuka kwenye kanyagio.

Najua pia, na nisingekuwa mkweli kama ningenyamaza, kwamba wapo wanaopata dializi mara 2 au hata mara 1 kwa juma, kwa sababu likelemba, ule mchango wa zamu wa marafiki, imeisha, shamba la Walungu limekwisha kuuzwa, na watoto wanahitaji kusoma. Kwa hao taka na maji hujikusanya kwa siku nyingi, na uchovu wao hauwezi kuondolewa kwa ushauri wa mapishi peke yake. Kwao chumvi inakuwa jambo la uhai. Na kwa wenye mamlaka waliopo hapa ninasema waziwazi: hakuna familia ya kawaida mjini hapa inayoweza kulipia zamu zaidi ya 150 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake, na kumwita mtu mvivu wakati anapata theluthi moja ya tiba yake ni dhuluma.

Kisha kuna upungufu wa damu, ambao ni mojawapo ya sababu kubwa za ule uchovu wa siku zote. Figo hutengeneza homoni iitwayo erithropoietini, inayouagiza uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu. Figo zikishindwa, agizo hilo linadhoofika. Kabla ya dawa ya kuziba pengo hilo kuidhinishwa Marekani mwaka 1989, wagonjwa wengi waliishi kwa kuongezewa damu mara kwa mara, na mpaka leo wengi wetu hapa hukimbilia njia hiyo. Inasaidia pale inapobidi, lakini kila chupa ya damu ya mtu mwingine inaweza kuufundisha mwili kukataa figo ya kupandikizwa siku za usoni, na kwa kijana mwenye matumaini hayo si jambo dogo. Dawa yenyewe haifanyi kazi bila madini ya chuma, na mgonjwa wa dializi hupoteza gramu 1 hadi 3 za chuma kwa mwaka kupitia damu inayobaki katika chujio, mirija na vipimo. Kwa hiyo ikiwa sindano zinachomwa na hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, haipandi, waulizeni wahudumu kuhusu chuma, kuhusu malaria, kuhusu maambukizo ya katheta, kuhusu damu inayotoka tumboni kidogokidogo. Malaria peke yake inaweza kuharibu kazi ya miezi. Na tukumbuke kwamba tunaishi takriban mita 1,500 juu ya bahari, katika mji wa vilima: mtu mwenye hemoglobini ya gramu 7 kwa desilita anaweza kuonekana mzima akiwa amekaa kwenye benchi, akashindwa kufika mtaa wa Nyawera kwa miguu.

Wapo wanaoomba damu ipandishwe hadi ya mtu mwenye afya kabisa. Ombi hilo linaeleweka, lakini majaribio makubwa yaliyochapishwa kati ya 1998 na 2009 yalionyesha kwamba kulenga juu kiasi hicho hakuongezi uhai, na katika baadhi yake kiharusi na matatizo ya moyo viliongezeka. Ndiyo maana madaktari wengi hutafuta kiwango cha karibu na gramu 10 hadi 11.5 na kusimama hapo.

Jambo la chakula linahitaji ujasiri zaidi kuliko hofu. Katika nyumba nyingi mgonjwa amekatazwa kila kitu: sombe (majani ya mihogo) kwa sababu ya madini ya potasiamu, maharagi vilevile, samaki kwa sababu mtu fulani alisema protini inaharibu figo. Kilichobaki ni bugali na chai. Katazo la protini lilikuwa na maana kabla ya mashine. Baada ya kuanza dializi mambo yanageuka, kwa kuwa kila zamu huchukua gramu kadhaa za viini vya protini, na mgonjwa anahitaji takriban gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Misuli isiyolishwa huyeyuka, na mtu aliyekonda hivyo huchoka hata kwa kunyanyua kikombe. Mayai, kuku, samaki, nyama kwa kipimo alichopangiwa, hivyo ndivyo vitu vya kumpa. Potasiamu ni hatari ya kweli, sitaki mtu aondoke hapa akidharau, na majani, viazi na ndizi vinahitaji kupimwa. Kukatakata, kuchemsha katika maji mengi na kumwaga maji hayo hupunguza sehemu yake. Lakini orodha ya makatazo bila orodha ya vyakula ni njaa iliyopewa jina la tiba.

Juu ya usingizi nitasema machache. Wengi hawalali kwa sababu ya ngozi inayowasha, kwa miguu isiyotulia ambayo mara nyingi inahusiana na upungufu wa chuma, au kwa pumzi inayokatika usiku wanapokoroma. Mke au mume anayelala karibu ndiye shahidi bora. Anachokisikia usiku akilete hospitalini.

Juu ya huzuni nitasema zaidi kidogo, maana hapa wanaume wetu hufunga mdomo. Wagonjwa wa dializi wakihojiwa na wataalamu, karibu mmoja kati ya wanne au watano hukutwa na sonona, huzuni nzito ambayo ni ugonjwa na si udhaifu wa moyo. Huzuni hiyo huvaa nguo za uchovu: mtu hataki kuamka, hataki kuoga, hajibu simu, hana hamu ya watu. Uchovu nao huizaa huzuni, kwa sababu baba asiyeweza kulipa ada ya mtoto na mama asiyeweza kumbeba mjukuu huona kwamba nafasi yao nyumbani imechukuliwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hili ni mojawapo ya maradhi yanayofichwa zaidi. Mapadri na wachungaji mnaoketi na familia hizi, mnaweza kuliuliza kwa upole mahali ambapo sisi wenye makoti meupe hatupewi jibu.

Huenda ikashangaza kusikia kwamba mtu aliyechoka anahitaji kutembea. Lakini misuli isiyotumika hupotea haraka, na baada ya miezi ya kulazwa na kila mtu akisema "pumzika, mama, usijisumbue", kuinuka kwenyewe kunakuwa kazi. Katika jaribio lililofanywa Italia na kuchapishwa mwaka 2017, wagonjwa wa dializi walipewa mpango wa kutembea nyumbani kwa muda mfupi, kwa kasi iliyopimwa kulingana na kila mmoja. Baada ya miezi 6 umbali waliouweza kwa dakika 6 ulipanda kutoka wastani wa mita 328 hadi 367. Mita hizo 39 zinaweza kuwa tofauti kati ya kufika chooni peke yako na kushikwa mkono. Bukavu haina tambarare nyingi, basi tutumie ua, veranda, ukumbi wa kanisa saa ambazo hauna watu. Na iwe siku isiyo ya mashine, baada ya daktari kuuangalia moyo.

Kuhusu mbinu za mashine yenyewe, kama kupunguza joto la maji yake hadi karibu na nyuzi 36, wapo wagonjwa ambao shinikizo lao halishuki sana kwa njia hiyo na hutoka wakiwa na nguvu. Jaribio kubwa la Canada la mwaka 2022 halikupata faida katika vifo wala katika kulazwa kwa ajili ya moyo, na wagonjwa walihisi baridi zaidi. Maoni yangu ni kwamba ijaribiwe kwa yule anayeshuka shinikizo kila mara, akipewa kikwembe kizito cha kujifunika, na iachwe ikiwa haimsaidii.

Sasa narudi kwenye swali la saa, kwa sababu ndilo ninalotaka kuwakabidhi. Halikubuniwa Bukavu. Watafiti waliwauliza maelfu ya wagonjwa wa nchi 12 swali hilohilo, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014, takriban theluthi moja walipata nafuu chini ya saa 2, lakini zaidi ya mmoja kati ya wanne walihitaji zaidi ya saa 6, na mmoja kati ya kumi zaidi ya saa 12. Waliochukua muda mrefu walilazwa zaidi na kufa zaidi katika miezi iliyofuata. Na wagonjwa, familia na wataalamu zaidi ya 1,000 kutoka nchi zaidi ya 70 walipoulizwa ni mambo gani lazima yapimwe katika kila utafiti wa dializi, uchovu ulikuwa kati ya manne yaliyowekwa juu, pamoja na kifo, moyo, na njia ya damu, yaani mahali damu inapotolewa mwilini na kurudishwa. Wagonjwa waliupa uzito mkubwa kuliko madaktari walivyozoea kuupa. Basi mgonjwa wa Kadutu, wa Bagira au aliyesafiri kutoka Uvira anaposema amechoka, anasema jambo ambalo dunia nzima ya wagonjwa wenzake inalisema.

Lakini msiuite kila udhaifu uchovu wa kawaida. Miguu ikilegea ghafla kiasi cha kushindwa kusimama, moyo ukidunda bila mpangilio, pumzi ikikatika ukilala chali, kifua kikiuma, homa ikija na kutetemeka hasa kwa mwenye katheta, au mtu akianza kuchanganyikiwa maneno, hiyo ni safari ya hospitali saa ileile, iwe usiku au mvua, bila kusubiri siku ya zamu. Potasiamu iliyopanda huanza wakati mwingine kwa udhaifu tu, kisha husimamisha moyo.

Kwa nyumba, ombi langu ni la mpango. Siku ya mashine isiwe siku ya kumpangia mgonjwa kikao cha ukoo, wala wageni wa mahari, wala kumwachia watoto. Kazi inayohitaji akili na mikono iwekwe siku inayofuata, katika saa ambazo yeye mwenyewe amezijua kuwa nzuri, na kazi hiyo aachiwe kweli, asinyang'anywe kwa huruma. Mwajiri anayeweza kumpa mfanyakazi wake zamu ya asubuhi siku zisizo za dializi hupata mtu anayefanya kazi. Anayemdai aje saa ileile kila siku humpoteza. Na watoto waelezwe. Mtoto wa miaka 7 anaweza kuelewa kwamba mama akirudi kutoka mashineni atalala hadi taa ziwashwe, na kwamba hajakasirika naye.

Mlangoni pale kuna madaftari madogo, moja kwa kila mgonjwa. Mstari wa kwanza ni tarehe, wa pili ni uzito wa kuingia na wa kutoka, wa tatu ni saa zilizopita hadi ulipojisikia kuwa wewe, na wa nne ni wa lolote lililotokea: nilikula nini, nililala aje, nililia au sikulia. Asiyeweza kuandika ataandikiwa na mtoto wa shule. Tumekubaliana na wenzangu wa wodi kwamba daftari litafunguliwa kabla ya sindano, katika kila zamu, na kwamba saa zikizidi 6 kwa zamu tatu mfululizo, muuguzi atalipeleka kwa daktari siku hiyohiyo ili waangalie maji, damu, chakula, usingizi na moyo. Zoezi hili linaanza Jumatatu. Kwa sasa nawaomba wagonjwa wazungumze kabla ya maswali ya wengine, wakiwa wamekaa, maana watatu kati yao wametoka kwenye mashine leo asubuhi. Kipaza sauti kitaletwa mahali walipo.